Blanketi la Mama Mpaka Garissa

Nyinyi wenzangu wa cherehani pale soko la Tala mmenimaliza. Kila nikikaa kushona, mmoja anauliza, "Mbithe, kwani huko Garissa kulienda aje?" Nikimweleza huyu asubuhi, yule anakuja alasiri na kuanza upya, na yunifomu za watu zimelala mezani. Kwa hivyo nimeandika. Mpokezane karatasi hizi, na atakayezimwagia chai atazinakili yeye mwenyewe.

Wengi wenu mnanijua, lakini kuna huyu mgeni wa mashine ya pembeni, kwa hivyo nianzie mwanzo. Nimelelewa Katangi na susu, yaani nyanya yangu, mama yake mama. Mama alienda Garissa kupika hotelini nikiwa na miaka saba. Mwanzoni alikuja kila Krismasi. Nilipofika miaka kumi na miwili akaacha kuja. Sukari ilikuja, tende zilikuja, leso zilikuja juu ya malori ya mifugo, yeye hakuja. Hiyo ni miaka kumi na moja. Baba sikumjua, na hakuna mbuzi wa mtu aliyewahi kuingia bomani kwetu kwa ajili ya mama.

Sasa, mwezi wa saba watu wa Mutua wangu wakatuma habari kwamba wanataka kuleta mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu Wakamba bila wao hujaolewa hata uzae darasa zima. Pamoja na mbuzi huja blanketi la mama wa msichana. Susu akawaambia walete blanketi mapema, mbuzi wangoje. Mama Mutua alishangaa lakini hakubishana, maana hakuna mtu hubishana na susu. Lilipofika, zito, la rangi ya maziwa na maua makubwa mekundu, bado limo kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, susu akaniita ndani.

"Hili si langu," akasema. "Mimi nilifunikwa langu dada mkubwa wa mama yako alipoozwa, mama yako akiwa msichana wa kutambaa. Mwenye hili ako Garissa. Mpelekee. Asiposimama kama mama yako, hakuna mtu atakula mbuzi hapa kwangu."

"Na akikataa?"

"Utarudi nalo. Na mtu asilifungue njiani."

Basi harusi yangu ikawa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nami nilikuwa na mzigo wangu mwingine ambao susu hakuujua: maneno niliyokuwa nimemwekea mama tangu darasa la sita, makali, yamepangwa moja baada ya lingine.

Katangi mpaka Mwingi

Nilisafiri na Abdi. Ni mfanyabiashara wa mifugo, anaishi Machakos mjini, na kila baada ya wiki mbili hushusha ng'ombe na mbuzi kutoka Garissa kisha hurudi huko na magunia ya ndengu. Ni lori lake lililoleta zile tende zote. Nimemjua tangu nikiwa mtoto, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kumuuliza habari yoyote ya mama. Ilikuwa kiburi tu, nakubali.

Alinichukua pale sokoni Katangi asubuhi, akaniweka mbele kati yake na dada yake mkubwa, Halima, aliyekuwa anaenda kuona wajukuu. Halima alitazama mfuko niliopakata, kisha akanitazama usoni kwa huruma.

"Mgonjwa ni nani?"

"Hakuna mgonjwa, mama."

"Blanketi kama hili, Garissa, ni la mgonjwa wa malaria." Akanipapasa mkono. "Mungu atamsaidia."

Nilieleza habari ya ntheo, lakini injini ya lori lile ilikuwa na kelele kuliko mimi, na mpaka tunafika barabara kuu Halima alikuwa bado anamwombea mgonjwa wangu.

Saa sita tulisimama chini ya kivuli kula. Susu alikuwa amenifungia kuku mzima wa kuchemsha, na kuku wa susu si wa kila siku, kwa hivyo nikamkatia Halima paja. Akasema asante, ameshiba. Nikamkatia Abdi, naye ameshiba. Halafu nikawaona wakifungua anjera zao, ile mikate myembamba ya Kisomali, na kula vizuri kabisa. Nilikasirika. Nilikula kuku peke yangu nikiwa nimegeukia magunia, nikijiambia kwamba hawa watu wanaringa. Tulipoondoka Abdi akasema polepole, macho barabarani, "Mbithe, yule kuku amechinjwa na nani?"

"Susu."

"Ndiyo hivyo."

Nimekua nikiwaona Waislamu wa Machakos kila siku ya soko, na nilikuwa nimesahau kitu cha wazi namna ile. Niliona haya mpaka masikio. Halima akacheka, akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye chupa yake, nami kwa sababu ya aibu nikainywa yote bila kuuliza. Ilikuwa na ladha ya moshi. Niliomba nyingine, na hiyo ya pili haikuwa ya aibu.

Mwingi, siku moja na nusu

Barabara ilikuwa bado na mashimo yaliyochimbwa na El Niño, na katika moja ya hayo springi ya nyuma ikakatika. Tuliingia Mwingi tukiyumba kama kuku aliyevunjika mguu. Fundi akatazama, akakuna kichwa, akasema kesho. Kesho yake akasema jioni.

Tulilala chumba kimoja mimi na Halima, nyumba ya wageni karibu na soko. Mnajua baridi ya mwezi wa saba. Asubuhi ile ukungu uliingia mpaka chini ya mlango, na shuka za pale zilikuwa nyembamba kama karatasi ya kukatia mitindo. Halima alikuwa anatetemeka. Nami nilikuwa nimekumbatia blanketi la kilo sita lililofungwa zipu, natetemeka pia.

"Binti," akasema, "fungua hicho kitu."

"Siwezi, mama. Limekatazwa."

"Nani amekataza?"

"Nyanya."

"Nyanya yako anatuona?"

Nikamweleza tena, safari hii bila injini. Kwamba ni la mama anayeoza binti. Kwamba asipolikubali sina harusi. Kwamba sijamwona miaka kumi na moja. Halima akavua mtandio wake mkubwa wa juu, akautandika juu yetu sote wawili, na akaniambia nisogee karibu. Sijui kama nimewahi kulala karibu na mwanamke wa umri wa mama yangu tangu yeye aondoke. Nilitaka kulia na sikulia, nikahesabu majogoo.

Baada ya hapo hakumwombea tena mgonjwa. Alianza kunipa maagizo. "Ukimwona, usianze na maneno. Anza na salamu. Maneno yako mabaya yatangoja, hayaozi." Sijui aliyajulia wapi.

Ukasi mpaka daraja la Tana

Siku hizi magari hayaendi Garissa ovyo ovyo. Hukusanyika Ukasi yakingoja polisi wa kuyasindikiza, kwa ajili ya majambazi. Tulifika saa mbili asubuhi, na msafara ukaondoka saa nane. Saa zote hizo nilikaa juani nikila njugu na kumwangalia mbuzi mmoja wa hoteli akila maboksi.

Mahali pa ukaguzi, polisi mmoja kijana akapanda ngazi ya lori, akaona mfuko.

"Hii nini?"

"Blanketi."

"Garissa? Unaenda kumpika mtu?"

Wenzake wakacheka. Akataka nifungue. Nikamwambia kwamba anaweza kunishusha, anaweza kunifunga, lakini zipu ile haifunguki. Abdi alifumba macho. Hapo akaja polisi mzee kidogo, akasikia lafudhi yangu, akaniuliza kwa Kikamba ni la nani. Nikamwambia ni la mama, la ntheo.

Alikunja uso. "Na ni wewe unalipeleka? Wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Nani alikutuma?"

"Susu."

Alitazama mfuko, akanitazama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, akaufunga. "Haya, enda. Msalimie mama yako." Mimi nikadhani anashangaa ujasiri wangu, na nikavimba kichwa mpaka darajani.

Garissa

Joto la Garissa halikusalimii, linakushika tu. Niliposhuka na lile furushi kifuani, watu walinipisha njia kama wanaopisha maiti. Halima alishukia kwa wajukuu wake, Abdi alikuwa na mizigo ya kushusha, na vitu vya mama siku zote huletewa loriini na kijana wa kutumwa, hajui hoteli ni ipi, kwa hivyo akanielekeza kwa kidole: hoteli ziko upande ule, uliza tu.

Nikauliza. Nilimuuliza muuza maji, nikamuuliza mwenye duka la sandala, nikauliza hoteli nne. "Namtafuta Kalondu, mpishi, Mkamba." Hakuna aliyemjua. Mwanamke mrefu, ako na mwanya, anaitwa Kalondu. Hapana. Nilizunguka mpaka jasho likaingia machoni, na nikaanza kufikiri mambo mabaya, kwamba labda alishahama, au alishakufa na tende zilikuwa zinatumwa na mtu mwingine kwa huruma.

Kwenye hoteli ya tano, msichana anayefuta meza akaniambia kwamba hapa hakuna Kalondu. Mkamba tuliye naye ni mmoja tu, akasema, Mama Mbithe.

"Mama nani?"

"Mama Mbithe. Mpishi wetu. Kwani wewe ni nani?"

Kumbe miaka yote hiyo mji mzima ule ulikuwa ukimwita kwa jina langu. Aliyetaka chapati aliita jina langu, na aliyemkasirikia pia. Nilikaa kwenye benchi, blanketi mapajani, na yule msichana akanitazama mara moja tu halafu akakimbilia jikoni.

Mama alitoka na unga mikononi. Alikuwa amenenepa na alikuwa mfupi kuliko nilivyomweka kichwani. Alisimama mlangoni.

"Mwaitu," akasema. Mnajua kwetu mtoto aliyepewa jina la nyanya yake, mama yake humwita mwaitu, yaani mama. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mwaitu wa mtu.

"Habari yako, mama," nikasema. Nilianza na salamu, kama nilivyoambiwa.

Alinipa wali na nyama ya mbuzi, akaongeza, akaongeza tena, akakaa mbele yangu kuniangalia nikitafuna kama mtu anayeangalia mvua ya kwanza. Yale maneno yangu ya darasa la sita hayakupata nafasi ya kupita.

Siku ya pili

Anakaa chumba kimoja nyuma ya soko, safi, na ukutani kuna picha yangu ya shule nikiwa nimenuna. Asubuhi niliosha uso, nikaweka blanketi kitandani mbele yake, nikasema nilichotumwa kusema. Watu wa Mutua wa Tala wamekuletea hili. Ukilikubali, mbuzi watakuja.

Alifuta mikono yake kwenye leso. Akaugusa mfuko kwa kidole kimoja. "Mama yake Mutua ako wapi?"

"Kwao."

"Nani amekupa ulete?"

"Nimeleta mimi."

Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo. "Siwezi kuchukua."

Hapo ndipo yalipotoka. Yote. Nilimwambia kwamba sukari haimsuki mtoto nywele. Nilimwambia kwamba siku niliyopata damu ya kwanza nilienda kwa jirani kwa sababu nilimwonea susu haya. Nilimwambia kuhusu kila Krismasi, nilivyokaa barabarani Katangi nikiangalia malori mpaka vumbi liingie mdomoni. Nilimwambia kwamba nimebeba blanketi hili siku nne, nimelala na baridi kando yake, nimegombana na serikali kwa ajili yake, na sasa anakataa hata kulishika.

Alisikiliza bila kukatiza. "Umemaliza?"

"Bado." Nikaendelea kidogo, lakini nilikuwa nimeishiwa.

"Yote ni kweli," akasema. "Mwaka ule wa kwanza hoteli ilijaa, nikanyimwa ruhusa. Mwaka wa pili niliona haya kwa sababu ya ule wa kwanza. Wa tatu nikaona haya ya miaka miwili. Ikafika mahali sijui nikiingia kwa mwaitu, huyo susu wako, nitasema nini. Sina sababu nyingine, Mbithe. Ningekuwa nayo ningekupa."

Nilitamani iwe sababu kubwa zaidi. Lakini nilimwamini, kwa sababu mtu akitaka kudanganya hutafuta uongo mzuri kuliko huo.

"Sasa blanketi," akaendelea, "usifikiri nimekukataa. Blanketi la ntheo mtu hufunikwa na mama ya bwana harusi. Unafunikwa ukiwa umeketi mbele ya nyumba ya mama yako, watu wakiona, wanawake wakipiga vigelegele. Msichana hambebei mama yake. Ukinipa wewe hapa, ni kama umejioza."

Ntheo zote nilizohudhuria nilikuwa jikoni namenya viazi, kwa sababu wasichana hufukuzwa huko nyuma. Ningejulia wapi. Nikamkumbuka yule polisi mzee na uso wake uliokunjamana.

"Lakini ni susu alinituma."

"Mwaitu alikutuma nalo? Kwa mkono wake?" Akaketi kitandani. "Mbithe, mwaitu ndiye huitwa Katangi yote kupanga watu siku ya ntheo. Nani akae wapi, nani ashike nini. Yeye asijue hii?"

Tulitazamana. Nikaona akielewa kabla yangu. Alifunika mdomo kwa leso, mabega yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu kweli akalia.

"Anajua siwezi kulipokea hapa," akasema. "Anajua pia siwezi kukuacha urudi nalo uaibike. Ameniita nyumbani, yule mzee. Hakutaka kuniomba, akanitumia blanketi."

Kurudi

Mwenye hoteli alimpa ruhusa ya wiki mbili, akalalamika kuhusu chapati, kisha akatupa mkebe wa samli ya kupeleka harusini. Abdi alitungoja siku mbili zaidi na hakutaka tumshukuru. Halima alikuja kutuaga na chupa yake ya chai. Alimshika mama mikono yote miwili, wakaongea kando, wakiniangalia mara kwa mara kama wanaopima kitambaa.

Mama alipakata blanketi njia yote. Abdi alimwambia aliweke nyuma juu ya mzigo wa ngozi, akakataa. Mpaka Ukasi alikuwa mwongeaji, akinieleza jinsi ya kukanda unga wa watu mia na wapishi wote waliowahi kumwibia mwiko. Kutoka Mwingi akapunguza. Tulipoanza kuona mashamba ya Yatta akanyamaza kabisa, na nikaona jasho, ingawa baridi ilikuwa imerudi.

Kutoka sokoni Katangi tulitembea. Kwenye mwanya wa ua wetu wa minyaa mama akasimama. "Tangulia wewe," akasema. Nikamwambia siendi. Nilikuwa nimengoja malori miaka kumi na moja, na sikuwa tayari kumwacha hatua ishirini kutoka mlangoni. Tukasimama hapo wote wawili kama watu waliokuja kuomba kura.

Susu alikuwa uani akipepeta mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi. Alituona. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi, akauweka chini, akaja na mwendo wake wa magoti mabaya. Alimtazama mama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Umechelewa," akamwambia. "Wageni wanakuja Jumamosi na hata kuni hakuna."

Mama akafungua mdomo. Najua alikuwa na yake ya kusema, alikuwa ameyarudiarudia midomo ikicheza tangu Mwingi. Susu akamshika mkono, akamvuta ndani ya ua kama anavyovutwa mtoto anayetoroka kuoga. "Utasema ukishakula," akasema, na sauti yake haikuwa sawa.

Jumamosi

Watu wa Mutua walikuja na mbuzi wao, mmoja akiwa mkali, akamkimbiza Mutua, shemeji yenu, mpaka kwenye viazi vitamu. Mimi nilifukuziwa jikoni kama kawaida, lakini safari hii nilikataa kukaa. Nilisimama pembeni mwa nyumba na kisu mkononi. Mama aliketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa susu. Mama Mutua akafungua ile zipu, akalitoa blanketi, akamfunika mabegani huku wanawake wakipiga vigelegele mpaka mbuzi wakaruka. Susu alikuwa amekaa nyuma yake. Nilimwona akinyoosha mkono na kulivuta lile blanketi lisiguse chini.

Mama akaniona pale pembeni, akaniita kwa kichwa. Nikaenda, nikachuchumaa mbele yake. Jua lilikuwa limetoka na alikuwa analowa jasho ndani ya lile blanketi, lakini hakulilegeza.

"Mimi nimerudi," akaniambia polepole, ili wengine wasisikie, "na wewe ndiyo unaenda."

Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Njia yote ya Garissa, kwenda na kurudi, sikulifikiria. Nilijifuta macho kwa mkono wenye kisu, na Mama Mutua akaninyang'anya kisu.

"Tala ni karibu, mama," nikamwambia. "Utakuja."

"Nikichelewa?"

"Ukichelewa nitakuja kukuchukua. Njia naijua."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, mikono yake ikiwa imeshika pindo za blanketi chini ya kidevu. Kisha susu akasema kwa sauti kwamba nyama inaungua na mimi nimekaa tu, nikainuka nikarudi jikoni.